Darasa halijatimiza miaka minne, mkono wangu umeingia chini ya jamvi, ile zege ya sakafu, mpaka kiwiko. Fedha za kutunza majengo ya shule ziko wapi?

Mwana wa Tukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wa Rungwe na Busokelo, ugonile.

Mimi ni mzazi, na tangu mwaka jana ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata huku kwetu upande wa Tukuyu. Jina la shule naliacha. Mkuu wetu wa shule ni mama mchapakazi na sitaki aitwe kujieleza kwa ajili ya maandishi yangu.

Jumamosi iliyopita wajumbe wawili tulizunguka majengo yote na daftari mkononi. Tulianzia nyuma ya madarasa mawili mapya. Paa halina gata, ule mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa. Maji yote ya bati yanadondoka mstari mmoja, miaka yote hii, na yamechimba mfereji sambamba na ukuta. Mvua za huku mnazijua, Tukuyu tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mfereji umeshuka mpaka mawe ya msingi yako nje. Sehemu moja karibu na kona niliona giza kati ya mawe na jamvi. Nikapiga magoti nikaingiza mkono. Uliingia mpaka kiwiko, na vidole havikugusa kitu. Ule udongo ulioshindiliwa chini ya sakafu umekwenda na maji.

Tukaingia ndani. Ufa umeanzia mlangoni, umekata sakafu mpaka mstari wa tatu wa viti. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili amekuja kufanya usafi. Akatuonesha kwamba kiti chake kakihamisha, maana mguu mmoja ulikuwa unazama kwenye ufa akiandika. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ndivyo madarasa yalivyo.

Madarasa hayo ni ya fedha za UVIKO-19. Kwa waliosahau: Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitukopesha dola milioni 567.25, serikali ikazipangia mpango wa shilingi trilioni 1.3, na humo yakatoka madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo za watoto walio mbali na shule mama. Kila darasa milioni 20. Ramani ilitoka TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, muda wa mwisho Desemba. Watoto wetu waliingia kidato cha kwanza Januari 2022 bila kupishana zamu, na mimi nilishukuru sana. Bado nashukuru.

Sisemi fedha ziliibwa. Faili tumelisoma, stakabadhi zipo, kamati ya manunuzi ilikaa, ya mapokezi ilisaini, ya ujenzi ilisaini. Gata haikuwemo kwenye mchanganuo wa gharama, ndiyo maana haikuwekwa. Mtaro wa kupitisha maji nao haukuwemo.

Ninachouliza ni hiki: baada ya jengo kukabidhiwa, ni fungu gani linalolitunza? Tumekuwa hodari wa kujenga. Je, kuna mtu huko kwenu anayeona fedha ya matengenezo ikija kwa jina lake, na si kuokoteza? Leo ni Agosti, mvua zinaanza Novemba. Nina miezi mitatu.

---

Fundi wa Mafinga

Mkuu, pole. Hicho kitu nakijua kwa mikono yangu.

Mwaka ule nilikuwa kwenye madarasa matatu ya mpango huo, kwa fosi akaunti, yaani shule inasimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi, fundi wa kijijini na vijana wangu sita. Uzinduzi ulikuwa Oktoba. Mpaka fedha zifike kwenye akaunti ya shule, kamati ziundwe, bei zitafutwe, sisi tumeanza kuchimba msingi wiki ya pili ya Novemba. Nyanda za Juu Kusini Novemba ndiyo mvua yenyewe. Mwanza au Tanga wana kalenda yao, sisi tuna msimu mmoja mrefu mpaka Mei. Kwa hiyo udongo wa kujaza chini ya jamvi tumeushindilia ukiwa tope. Tope halishindiliki, linahama tu pembeni. Likikauka linashuka, na jamvi linabaki juu limeshikwa na kuta.

Zege nalo. Linatakiwa kumwagiliwa angalau siku saba, na nguvu yake kamili tunaihesabia siku 28. Ukiwa na wiki sita za kumaliza jengo zima, hizo siku 28 unazitoa wapi? Tulimwaga jamvi, siku ya tatu tunapandisha jukwaa juu yake tupige lipu.

Mbao ndiyo jambo linaloniuma zaidi, maana mimi ni wa Mafinga na msitu wa Sao Hill uko hapa. Hatuna sababu ya kukosa mbao kavu. Lakini siku hizo kila shule ya mkoa inataka kenchi, mbao za kubeba paa, wiki moja, basi paina inatoka kwenye msumeno leo, kesho iko juu ya ukuta. Mbao mbichi ikikaukia juu inapinda. Ikipinda, msumari wa bati unalegea, tundu linapanuka, maji yanaingia, na upepo wa Septemba ukipata pa kushika unaezua. Watu wanasema bati bovu. Bati lilikuwa geji 28, zuri tu. Mbao ndiyo iliyoliachia.

Kwa hiyo nakujibu swali lako kwa upande wa kwanza: nusu ya matengenezo unayoyatafutia fedha leo yalizaliwa na kalenda. Fedha za ujenzi wa huku zikifika shuleni Mei au Juni, fundi yule yule, kwa milioni 20 zile zile, atakupa jengo jingine kabisa.

Kuhusu shimo lako: usiliache lipite masika hii. Usijaze udongo mtupu. Jaza mawe madogo na zege jepesi, 1:3:6 (saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita), kwa kusukuma na mti mpaka ligome. Halafu weka mkanda wa zege kuzunguka jengo, upana wa hatua moja, ukiinamia nje. Halafu gata. Ukianza na gata ukaacha shimo, utaambiwa umetengeneza huku jamvi linaning'inia.

---

Mwana wa Tukuyu

Fundi, ubarikiwe. Nimeichapa hii na kesho naipeleka kwa wajumbe. Hilo la kushindilia tope sikuwa nimelifikiria, nilidhani ni mvua za baadaye tu.

---

Mwl. Kilolo

Kamwene wote.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi Iringa vijijini, milimani. Naomba niwaeleze fedha inavyoingia, maana wazazi wengi wanadhani mwalimu mkuu ana sanduku.

Tangu Januari 2016 elimu msingi haina ada, na ruzuku ya uendeshaji inaletwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni zinafika 6,000. Ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto. Mimi nina watoto 420. Zidisheni: 210,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, shajara, michezo, nauli ya kwenda halmashauri na, ndiyo, ukarabati. Sekondari ni 25,000, nusu yake ndiyo inayofika shuleni, na wao wana fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa. Wana nafuu, lakini wana maabara, mlinzi na umeme.

Kile kiwango cha 10,000 kilipangwa enzi za MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikiwa sawa na dola kumi. Leo ni sawa na dola ngapi, kila mtu anaweza kupiga hesabu. Mfuko wa saruji haukubaki bei ya mwaka 2002.

Sasa niwaonesheni darasa langu moja, la tofali za kuchoma, lilijengwa na wananchi kwa nguvu zao, halmashauri ikaezeka. Mchwa wameingia kwenye kenchi upande wa ubao. Ukitulia wakati watoto wanaandika unawasikia wakila. Asubuhi dawati la mbele lina unga wa mbao, mtoto anaufuta kwa kiganja kabla ya kuweka daftari. Kuondoa kenchi tatu na mbao za juu yake ni kazi ya wiki moja. Nimeiandika kwenye mpango wa shule miaka mitatu mfululizo. Kila mwaka inapanda kutoka kwetu, inafika Kamati ya Maendeleo ya Kata, inakwenda halmashauri, na inarudi ikiwa haimo. Kilichomo ni darasa jipya katika shule nyingine.

Siwalaumu madiwani moja kwa moja. Darasa jipya lina jiwe la msingi na siku ya kukabidhiwa. Kenchi tatu zilizobadilishwa haziwezi kuzinduliwa.

---

Binti Isyesye

Samahani walimu na wazazi, mimi nitasema tofauti kidogo.

Nafundisha hapa Mbeya mjini. Mwongozo unasema darasa moja kwa watoto 45 shule za msingi. Mimi nina 118 kwenye chumba kimoja, darasa la pili. Siwezi kupita katikati ya madawati, nasahihisha kwa kupokezana madaftari kama watu wanaojaza maji kwa ndoo. Mkinipa leo milioni 20 na kuniuliza nitengeneze madarasa manne yenye nyufa au nijenge moja jipya, nitajenga. Ufa hauniumizi kama kukosa mahali pa kuweka mguu.

Kwa hiyo tusiwafanye wanaojenga waonekane wakosaji. Mradi wa BOOST, dola milioni 500, ulilenga madarasa 12,000 ya msingi, na shule zake mpya zimetupunguzia mzigo kweli. SEQUIP ikaja na sekondari za kata, awamu ya kwanza shilingi milioni 470 kila moja. Bila hizo tungekuwa wapi?

---

Mwl. Kilolo

Dada Isyesye, pole sana na hao 118, nakuheshimu. Wala sipingi ujenzi hata kidogo.

Ila fikiria hivi. Mwaka juzi nilikuwa na madarasa saba. Mvua ikala ukuta mmoja, mkaguzi akatuambia tusiingize watoto. Nikabaki na sita. Mwaka uliofuata tukaletewa darasa moja jipya. Kwenye taarifa ya wilaya tumeongezewa darasa. Mimi mwenye shule nina saba, kama zamani. Ule ukuta ungezuiwa kwa mtaro na mifuko sita ya saruji.

---

Binti Isyesye

Hapo umenishika mwalimu. Hilo la kuhesabu yaliyoongezeka bila kutoa yaliyokufa sikuliwaza.

---

Mama Igurusi

Na sisi wa Mbarali tusikilizwe. Huku bondeni Usangu mvua si shida kama ya Tukuyu, shida ni ardhi. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa kulimia mpunga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba. Jengo linapanda na kushuka kila mwaka. Ramani ni ile ile iliyojengwa Tukuyu na Makete. Mume wangu ni fundi, alimwambia msimamizi kwamba hapa msingi ushuke mpaka tupite ule mweusi, akajibiwa mchanganuo unasema hivi, fuata mchanganuo. Darasa lina ufa wa ngazi kutoka kona ya dirisha, tofali kwa tofali, mpaka chini. Limepigwa lipu mara mbili. Ufa unarudi mahali pale pale.

Lipu ndiyo matengenezo tunayoletewa, lipu na rangi wakati wageni wanakuja.

---

Mhandisi Mstaafu

Vijana wangu, nimesoma uzi huu wote kwa makini. Nimefanya kazi serikali za mitaa miaka mingi, Iringa na Mbeya. Niseme machache.

Mama Igurusi, mume wako alikuwa sahihi. Ramani ya TAMISEMI ni ya jengo, ukubwa wake, madirisha yake, njia ya mteremko kwa watoto wenye viti mwendo, mpangilio wa vyoo. Msingi haufuati ramani, msingi unafuata ardhi. Hilo ni la kwanza kufundishwa darasani kwetu. Kazi ya mhandisi wa halmashauri ni kuja, kuchimba mashimo mawili matatu, kutazama, na kuandika mabadiliko. Tatizo ni kwamba miradi inakuja arobaini kwa mpigo, mhandisi ni mmoja au wawili, gari moja, na linasubiri mafuta. Akifika jengo liko kwenye linta, juu ya madirisha. Atasaini nini hapo? Anasaini anachokiona, na msingi hauonekani tena.

La pili, na hili linanikosesha usingizi. Mbeya tumekaa mahali ambapo mabonde ya ufa yanakutana, la Rukwa, la Nyasa na la Usangu, na mlima Rungwe ni volkano. Wazee wetu waliishi tetemeko la Rukwa la mwaka 1910, ukubwa wa 7.4. Septemba 2016 Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9 tu, na shule zikabomoka. Kwa hiyo mnapojenga kwa fosi akaunti, msikubali mtu apunguze nondo kwenye ule mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha. Usikatike mlangoni, usikatike konani. Nimeona kona ambazo nondo zimeishia kila moja upande wake, hazikukunjwa zikashikana. Jengo kama hilo ni kuta nne zilizosimama jirani.

La tatu ni radi. Januari 2025 wanafunzi saba walifariki darasani Bukombe, Geita. Rungwe na Busokelo radi ni nyingi. Kitega radi kiwekwe tangu ujenzi, na kila mwaka mtu akague kama waya wa kwenda ardhini bado upo. Mara nyingi umeshakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

La vyoo mmelisahau wote. Mwongozo wa maji na usafi mashuleni wa mwaka 2016 unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nimeona shule zimefikia idadi hiyo siku ya makabidhiano, na miaka miwili baadaye nusu ya matundu yamefungwa kwa mbao, milango imeng'oka, shimo limejaa. Ukihesabu yanayotumika, huna mwongozo uliotimia.

Nilichokuwa nafanya mimi, kabla ya kustaafu: kila Agosti nilizipa shule karatasi moja ya ukaguzi. Paa, kenchi, kuta, sakafu, maji ya mvua yanakwenda wapi, vyoo, umeme. Mwalimu na mwenyekiti wanajaza kwa kutembea, si kwa kukaa ofisini. Kilichoandikwa "hatari" nilikwenda mwenyewe. Haikuwa na fedha ndani yake, lakini bajeti ilipokaa nilikuwa na majina ya majengo na si malalamiko.

---

Kijana wa Makete

Mzee shikamoo. Naunga mkono. Huku juu Juni na Julai kuna jalidi, na vioo vya madirisha vikivunjika havirudishwi, wanaweka maboksi. Watoto wanakaa gizani ili wasipigwe baridi. Milioni 20 ya Makete si milioni 20 ya mjini, mfuko wa saruji ukishafika huku umeshalipia barabara.

---

Mnyalukolo Ughaibuni

Kamweneeee! Mimi ni mtoto wa Iringa, nipo Uingereza mwaka wa sita, nafanya kazi kwenye kampuni inayokarabati majengo, shule zikiwemo. Nimeona niwape picha ya huku, kwa sababu nao wameungua kwenye jambo hili hili.

Kati ya miaka ya 1950 na 1990 walijenga mapaa mengi kwa zege jepesi lenye viputo vya hewa ndani, linaitwa RAAC. Rahisi, jepesi, la haraka. Maisha yake yalijulikana kuwa mafupi. Mwaka 2018 paa la shule ya msingi huko Kent lilianguka mwisho wa wiki, watoto hawakuwepo. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, serikali iliziambia shule zaidi ya 100 za England zifunge vyumba vyenye zege hilo. Watoto wengine wakasomea kwenye mahema.

Mkaguzi mkuu wa serikali alikuwa ameandika Juni mwaka huo huo: wanafunzi kama 700,000 wako kwenye shule zinazohitaji kujengwa upya au kukarabatiwa sana. Wizara ya elimu ilikuwa imesema inahitaji pauni bilioni 5.3 kwa mwaka, hazina ikatoa wastani wa bilioni 3.1. Kwa hiyo kuokoteza kupo hata kwa matajiri.

Lakini kuna mawili wanayo ambayo natamani tuwe nayo. La kwanza, fedha ya hali ya majengo ni fungu lake, lina jina lake kila mwaka. Wasimamizi wa shule nyingi wanagawiwa kwa hesabu maalum, shule ndogo zinaomba kwa kushindana. Haichanganywi na chaki. La pili, serikali ilituma wataalamu kupita karibu shule zote za umma, jengo kwa jengo, wakaandika hali ya kila paa na kila ukuta. Ile karatasi ya Mzee Mhandisi, kwa nchi nzima. Ndiyo maana waliweza kubishana na hazina kwa tarakimu.

Jambo moja la haraka: wenye shule kongwe huko, mkiona paa la vigae bapa vya kijivu au shuka za mawimbi za zamani zisizo bati, msipande kuzivunja kwa nyundo. Inaweza kuwa asbestosi. Vumbi lake linakaa kwenye mapafu miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa. Ombeni wataalamu.

---

Mdau Vwawa

Jamani mbona hamzungumzii wazazi? Kusini tumejenga shule kwa mikono yetu toka zamani. Maboma yote haya, kuta zinazosubiri kuezekwa, nani aliyapandisha? Kila kaya ikitoa elfu tano, gata inawekwa wiki ijayo.

---

Mama Igurusi

Kaka, tunatoa. Mawe tumebeba, mchanga tumebeba, maji tumechota kwa vichwa. Ila tukumbuke Waraka Namba 3 wa mwaka 2016: mchango ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu yake. Huku kwetu kuna mjane ana watoto wanne shule moja. Ukisema kila kaya elfu tano, wa kwanza kujificha ni yeye, na wa kwanza kuacha shule ni binti yake. Nguvu kazi tutatoa bila kuhesabiwa. Saruji, nondo na gata, hizo serikali ituwekee fungu.

---

Mdau Vwawa

Nimekuelewa dada. Nilimaanisha wenye uwezo.

---

Mwana wa Tukuyu

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Sikukaa kimya.

Maelezo ya Fundi niliyasoma mbele ya bodi. Mkuu wa shule akakubali tutumie kilichobaki kwenye fidia ya ada kwa mifuko kumi na mbili ya saruji. Mawe na mchanga tuliyaleta wenyewe, siku mbili, kina mama wengi kuliko kina baba. Tulisukuma zege chini ya jamvi kwa mti wa mkaratusi mpaka likagoma, kama alivyosema. Lilikula mifuko minne kona moja peke yake. Hatukuamini shimo lilikuwa kubwa kiasi kile. Mkanda wa nje tumeumaliza upande wa nyuma tu, upande wa mbele saruji imeisha. Manunuzi yalituchelewesha, maana hata kwa mifuko hiyo ilibidi kupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na mwenye duka wa karibu hajasajiliwa. Tulimpata wa tatu.

Karatasi ya Mzee Mhandisi tumeitengeneza upya kwa mkono, ukurasa mmoja. Nimeipeleka shule za msingi tatu za kata yetu. Mbili zimejaza. Kwenye hizo mbili na ya kwetu tumepata vyumba kumi na moja vyenye tatizo la maji ya mvua, vinne vyenye mchwa, na choo kimoja cha wasichana ambacho walimu wenyewe walikuwa hawajaingia muda mrefu. Kile cha wasichana tumekifunga siku hiyo hiyo.

Orodha imekwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Niliomba jambo moja tu: kwenye bajeti ijayo ya halmashauri, ile sehemu ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye maendeleo, uandikwe mstari unaoitwa matengenezo ya shule za kata hii, ukiwa peke yake, na fedha yake iombwe kutoka mapema ili ifike kabla ya Septemba. Diwani aliuliza ni jengo gani la kuanzia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu lenye namba ya chumba. Mjumbe mmoja akasema tungoje mradi mkubwa ujao. Mtendaji wa Kata akaandika yote mawili kwenye muhtasari, na nakala yake ninayo.

Gata bado hatuna. Fundi wa bati wa hapa Tukuyu amekubali kutukunjia mita ishirini kwa malipo ya awamu mbili, awamu ya kwanza tumeshachanga watu tisa, kwa hiari. Atazifunga wiki ya pili ya Oktoba.

Yule binti wa kidato cha pili alikuja siku ya zege, akashika ndoo mpaka jioni. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakwenda na simu, nipige picha ya ule mfereji, niiweke hapa mwone maji yanakokwenda.